Kitufe cha Hifadhi nikitoe au nikiache? Jibu kwa kijana mwenye mfumo wa kupokea mahindi Kibaigwa

SWALI: "Dada habari za kazi. Nimetengeneza mfumo wa ofisi kwa jamaa wananunua mahindi na alizeti, makarani wako Kibaigwa sokoni na wahasibu wako Dodoma mjini, wote wanaingia kwa brauza. Fomu ya kupokea mzigo ina visanduku kama ishirini, kitufe cha Hifadhi kiko chini kabisa na kinakuwa cha kijivu mpaka kila kitu kijazwe. Makarani wanalalamika data zinapotea umeme ukikatika au mtu akibonyeza kurudi nyuma kwa bahati mbaya. Wengine wanabonyeza Hifadhi mara tatu tatu, mzigo mmoja unaingia mara mbili. Niliweka kinyota chekundu juu ya ukurasa kuonyesha kuna kitu hakijasevuliwa, hakuna anayekiona. Bosi anasema nitoe kitufe chote, ijisevu yenyewe kama Google Docs. Mhasibu anasema siku nikitoa kitufe yeye anarudi Excel. Nifanye lipi? Na ile alama ya diski niiondoe, maana vijana wengine hawajui hata ni kitu gani?"

JIBU:

Nzuri mdogo wangu, pole na hongera pia, maana makarani wanaolalamika ni makarani ambao bado wanatumia mfumo wako, ukiona wamenyamaza ujue wamesharudi kwenye kaunta buku.

Umeuliza kama swali moja ila ndani yake kuna matatizo manne. Kazi inapotea, mzigo unaingia mara mbili, watu hawajui kama kazi yao imefika au haijafika, na juu ya hapo una ugomvi wa bosi na mhasibu. Nianze na ugomvi kwa sababu ukiuelewa huo mengine yanajifungua. Bosi wako yuko sahihi na mhasibu wako yuko sahihi, ila hawazungumzii kitu kimoja. Bosi anaongelea kazi isipotee. Mhasibu anaongelea nani ameamua kwamba hizi kilo na hii hela ni za kweli. Kitufe chako kimoja cha Hifadhi kimebebeshwa kazi zote mbili, ndiyo maana kila mmoja anakiona kwa jicho lake.

Tuanzie kwenye mashine yenyewe. Karani akiandika, herufi zinakaa kwenye memori ya RAM, na RAM ikikosa umeme inasahau kila kitu hapohapo, haina huruma. Kusevu maana yake ni kuzitoa huko na kuziandika mahali ambapo umeme ukikata zinabaki. Zamani kuandika kwenye diski kulikuwa kwa taratibu mno, hasa zile flopi, kompyuta inasimama inaunguruma, sasa huwezi kusema programu iandike kila herufi, mtu angeachia kazi. Kwa hiyo mzigo wa kukumbuka akatwishwa mtumiaji, ukisahau shauri yako. Siku hizi hata laptop ya mtumba inaandika diskini mara nyingi kwa sekunde bila wewe kuhisi, hivyo kazi ya "isipotee" haina sababu ya kubaki kwenye kichwa cha karani. Ila kazi ya "nimeamua" haijahama. Hakuna diski ya kasi yoyote itakayojua kwamba kilo 1,200 ndizo zilizosomwa kwenye mizani.

Na wewe hali yako ina kona moja zaidi, una sehemu tatu ambazo kazi inaweza kuwepo: kwenye ukurasa tu, kwenye diski ya kompyuta ya pale Kibaigwa, au kwenye seva. Kwa karani zote tatu zinaonekana sawasawa, namba ziko kwenye skrini anaziona kwa macho yake, sasa kwa nini aamini hazipo? Hilo ndilo linalowachanganya, na sio ujinga wao.

Sasa hoja ya Google Docs. Pale inafanya kazi vizuri kwa sababu barua iliyoandikwa nusu bado ni barua, haimdhuru mtu, halafu kuna historia ya matoleo unaweza kurudi nyuma ukaona ya juzi. Stakabadhi ya mahindi iliyoandikwa nusu ni hatari. Karani anataka kuandika 1200, anaanza 1, anaweka 2, hapo simu inaita anaipokea, mfumo unasevu kilo 12, na kama umeweka ujumbe wa simu wa kumjulisha mkulima basi mkulima ameshapata meseji ya kilo 12 na anakuja dirishani na fimbo. Kuna kingine ambacho wengi hawakijui, kisanduku cha namba kikiwa kimechaguliwa, brauza kadhaa zinaruhusu gurudumu la mausi kupandisha au kushusha ile namba, yaani mtu anashusha ukurasa tu aone chini, bei imeshabadilika kwa shilingi kadhaa na hajui. Ukiwa na kujisevu kwa kila kitu hiyo bei mpya ndiyo imekuwa bei. (Hilo la gurudumu lizime leo leo, hata kama hutafanya kingine chochote nilichoandika hapa.)

Na usifikiri wakubwa hawajaumia na hili. Apple mwaka 2011 walipotoa toleo la OS X Lion walileta kujisevu na wakaondoa ile amri ya kusevu kwa jina jingine, badala yake wakaweka ya kutengeneza nakala. Watu waliozoea kufungua faili la zamani, kulichezea kidogo, kisha kulisevu kwa jina jipya, wakajikuta faili la zamani limeshabadilika lenyewe. Mwaka uliofuata ile amri ikarudishwa, ingawa imefichwa mpaka ushikilie kitufe cha Option. Word nayo ina swichi ya kujisevu pale juu ila inafanya kazi kwa mafaili yaliyoko OneDrive au SharePoint, yaani hifadhi za mtandaoni za Microsoft, faili lililoko kwenye desktopu yako tu halihusiki. Kile kingine cha kuokoa faili baada ya ajali, ambacho bila kubadilisha chochote huwa kinafanyika kila dakika 10, ni kitu tofauti kabisa, kinatunza nakala ya dharura, na dakika tisa na nusu za kazi zinaweza kwenda na maji. Nimewasikia watu wazima maofisini wakiapa kwamba "Word inajisevu yenyewe" huku wanazungumzia hicho cha dakika kumi.

Kwa hiyo ushauri wangu, usichague upande, gawanya ile kazi. Kutunza kufanyike kwenyewe, kimya, bila kitufe. Kazi ya kuamua ibaki na kitufe, na kitufe kiandikwe kile kinachofanyika. Angalia ofisi yoyote ya mazao kabla ya kompyuta: karani anaandika kwa penseli kwenye kaunta buku wakati gunia ziko mizanini, anafuta, anarekebisha, halafu mwisho anakata stakabadhi kwa kalamu ya wino na nakala ya kaboni. Penseli haiombi ruhusa na wino haujikati wenyewe. Mfumo wako umempa karani wino peke yake.

Penseli unaitengeneza hivi. Kila karani anapoacha kuandika kwa kama sekunde moja, na kila anapotoka kwenye kisanduku, andika fomu nzima kama rasimu kwenye hifadhi ya brauza. localStorage inatosha kwa fomu kama yako, nafasi yake ni kama megabaiti 5, ukitaka kuweka na picha za mizani nenda IndexedDB, hifadhi nyingine ya brauza iliyo kubwa zaidi. Tumia pia lile tukio la visibilitychange, yaani ukurasa unapofichwa, maana kwenye simu mtu akihamia apu nyingine hiyo inaweza kuwa nafasi yako ya mwisho kabla ukurasa haujauawa. Halafu netiweki ikiwepo tuma rasimu hiyohiyo kwenye seva, kwenye jedwali lake la pembeni, LA PEMBENI nasisitiza, isichanganywe na mizigo halisi na isionekane kwenye ripoti wala salio lolote. Ukimwonyesha mhasibu wako kwamba rasimu haziwezi kugusa vitabu vyake, nusu ya hasira itaisha.

Nikuambie na mipaka yake ili usije ukaahidi mbingu. Kilichoandikwa kwenye brauza hakiendi diskini sekunde ileile, umeme ukikata unaweza kupoteza maneno ya mwisho mwisho. Mtu akifuta historia ya brauza rasimu zinaondoka, akitumia dirisha la siri zinaondoka akifunga. Ni ulinzi mkubwa ukilinganisha na sasa, ila sio bima.

Karani akirudi baada ya umeme, usimjazie fomu kimyakimya, atashangaa akadhani ni mzigo mpya. Mwambie wazi: "Kuna mzigo haujakamilika wa leo saa nne asubuhi, wa fulani, kilo 1,200. Endelea nao au ufute?" Na hapa utapata faida ambayo hata hukuiomba. Kwa jinsi kazi ya pale ilivyo, Fuso limepima, unyevu haujapimwa bado kwa sababu kipimo kiko kwa mwenzake, huku nyuma kuna foleni ya Fuso nyingine tatu na madereva wanapiga honi. Karani anataka kuuweka pembeni huo mzigo aanze mwingine. Kwa mfumo wako wa sasa hawezi, maana kitufe ni kijivu mpaka unyevu ujazwe, na naweza kubashiri bila kufika wanachofanya, wanaandika unyevu wa uongo, 13 au 13.5 ambacho ndicho kiwango cha juu kwa mahindi kwenye viwango vya Afrika Mashariki, ili tu kitufe kiwake waendelee. Nenda kaangalie data zako, ukikuta 13.5 zimejaa kama nzige utajua. Ukiwa na orodha ya "Mizigo isiyokamilika" pembeni, huo uongo unakosa kazi.

Kitu kimoja kuhusu rasimu kwenye kompyuta inayotumiwa na watu zaidi ya mmoja: zina majina ya wakulima, namba za simu, labda na za akaunti. Zifunge kwa mtumiaji aliyeingia, zifute mzigo ukishathibitishwa na zile za siku nyingi pia zifute. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haijali kama ni rasimu au ni nini, taarifa za mtu ni taarifa za mtu.

Tuje kwenye kile kinyota. Haukukosea wazo, umekosea mahali na msomaji. Sisi watu wa programu tumezoea hizo alama ndogo. Notepad ya Windows ilikaa miaka yote bila kuonyesha chochote, kinyota mbele ya jina la faili kimekuja mwaka 2019. Kwenye Mac kunakuwa na nukta ndani ya kile kitufe chekundu cha kufungia. Wanaotumia Qt, zana ya kutengenezea programu, wanaandika [*] kwenye jina la dirisha na kinyota kinatokea chenyewe kukiwa na mabadiliko. LibreOffice inabadilisha ikoni ya kusevu yenyewe. Zote ni nzuri kwa mtu anayejua anatafuta nini. Karani wako macho yake yako kwenye mizani, kwenye mkulima, na kwenye kisanduku anachojaza, juu ya ukurasa hana biashara nako. Na rangi nyekundu peke yake haitoshi, kuna wanaume wengi tu wasiotofautisha nyekundu na kijani, na hata asiye na shida hiyo, jua la Kibaigwa likipiga kwenye skrini ya laptop hakuna rangi inayobaki rangi. Miongozo ya kimataifa ya WCAG, ile ya kufanya tovuti zitumike na watu wote hata wenye ulemavu, nayo inakataza ujumbe kubebwa na rangi tupu.

Weka maneno, na uyaweke kando ya kitufe, na kitufe na maneno yake vikae kwenye ukanda unaoganda chini ya skrini hata mtu akishusha ukurasa. Maneno yenyewe yaseme kazi iko wapi. Akiwa anaandika: "Rasimu, iko kwenye kompyuta hii tu." Netiweki ikiichukua: "Rasimu iko seva, bado haijathibitishwa." Akibonyeza: "Inatuma..." Ikifika: "Mzigo umepokelewa, stakabadhi namba fulani, saa fulani." Ikigoma: "Haijafika, hakuna mtandao. Rasimu yako ipo, bonyeza tena." Ndiyo hivyo, sentensi za kawaida ambazo hata kibarua mpya anasoma anaelewa. Kwa anayetumia kisoma skrini weka hiyo sehemu iwe aria-live ya upole, alama ya HTML inayokiambia kisoma skrini kuna maneno mapya, ili isomwe bila kumkatiza.

Hapa kuna sheria ambayo sitaki uilegeze: neno "umepokelewa" lisitokee mpaka seva imejibu. Najua kuna mtindo wa kuonyesha mafanikio papo hapo halafu kazi inaendelea nyuma, kwenye kupenda picha mtandaoni haina neno, kwenye hela usijaribu. Karani akisoma "umepokelewa" mara moja akakuta haupo, hatoamini tena maandishi yako, ataanza kuandika kila kitu mara mbili, mfumoni na kwenye daftari, na hapo umemwongezea kazi badala ya kumpunguzia.

Na tafadhali sana vile vijisanduku vinavyojitokeza kwenye kona na kupotea baada ya sekunde tatu, usivitumie kwa jambo hili. Sekunde hizo tatu karani ameinamia gunia. Mafanikio yabaki mpaka aanze mzigo mwingine, kushindwa kubaki mpaka kushughulikiwe.

Kuna upande wa ndani wa hiyo alama ambao watu wanaupuuza, nao ni mfumo unajuaje kwamba kuna mabadiliko. Njia rahisi ni kuweka bendera, kitu chochote kikiguswa bendera inapanda na haishuki mpaka usevu. Shida yake, mtu ameingia kwenye mzigo wa jana kuangalia tu, akagonga herufi akaifuta, mfumo unamwambia una mabadiliko. Au mbaya zaidi, amefungua tu, programu yako yenyewe imegeuza 1200 kuwa 1,200 au imejaza tarehe ya leo, bendera imepanda na mtu hajagusa kitu! Akiona onyo la uongo hivyo asubuhi mpaka jioni, siku ya onyo la kweli atabonyeza aendelee bila kusoma. Kwa fomu yako linganisha thamani zilizopo na zile zilizofunguliwa mwanzo, baada ya kuondoa mikato, nafasi za mwisho na mapambo yote. Zikilingana hakuna mabadiliko. Kwa visanduku ishirini hiyo kazi haichukui muda wowote unaohisika.

Sasa mzigo kuingia mara mbili, na hapa nataka utulie kidogo maana ndipo hela inapotoka. Karani amebonyeza, hakuna kilichobadilika kwenye skrini, amesubiri, amebonyeza tena. Ni akili ya kawaida, kengele usipoisikia unaipiga tena. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia programu, alishaandika tangu 1993 kwamba mpaka sehemu moja ya kumi ya sekunde mtu anahisi ni papo hapo, mpaka sekunde 1 mawazo hayakatiki, na ikifika kama sekunde 10 umempoteza. Netiweki yenu siku ya gulio na kila mtu yuko kwenye simu, hiyo sekunde 1 mtaisikia kwenye redio. Kwa hiyo kitufe kibadilike PALEPALE kinapoguswa, kiandike "Inatuma...", hata kabla chochote hakijaondoka kwenye kompyuta.

Wengi wanaishia hapo, wanazima kitufe wanadhani wamemaliza. Hujamaliza. Fikiria hii: ombi limetoka Kibaigwa, limefika seva, mzigo umeandikwa vizuri, jibu likiwa linarudi mtandao ukakata. Seva inajua mzigo upo. Karani anaona "haijafika". Atafanya nini? Ataburudisha ukurasa, atabonyeza tena, na wewe kitufe chako cha kuzimwa hakina habari kwa sababu ukurasa ni mpya. Mizigo miwili, mkulima mmoja, kila mtu mwaminifu.

Dawa ni namba ya kipekee. Fomu inapofunguliwa tu, tengeneza namba ndefu ya bahati nasibu, crypto.randomUUID kwenye brauza inatosha, iweke ndani ya rasimu ili ibaki hata umeme ukikata, na kila ombi la huo mzigo liende nayo. Kwenye databesi weka kizuizi kwamba namba hiyo haiwezi kurudiwa. Ombi la pili likifika seva inaona "huyu ninaye", haiandiki kipya, inarudisha stakabadhi ileile ya kwanza. Karani anaweza kubonyeza mpaka kidole kiume, mzigo utakuwa mmoja. Kizuizi kiwe kwenye databesi yenyewe, usitegemee msimbo wako kuuliza kwanza "je, upo?" kisha kuandika, maana maombi mawili yanaweza kuuliza kwa wakati mmoja na yote yakajibiwa haupo.

Ile hali ya kitufe kuwa kijivu iondoe. Kijivu hakisemi kinachokosekana, na kwenye visanduku ishirini mtu anaanza kuwinda. Acha kibonyezwe, halafu seti ya makosa itokee, macho yapelekwe kwenye kisanduku cha kwanza chenye shida na kando yake kuandikwe "Unyevu haujajazwa". Na kitufe kiitwe "Pokea mzigo", kwa mhasibu kiitwe "Idhinisha malipo". Hilo neno Hifadhi lenyewe litakuwa halina kazi tena kwenye hiyo fomu.

Onyo la mtu anapotoka kwenye ukurasa: kuna tukio la beforeunload, unaweza kuliweka kama kamba ya mwisho, ila maneno yake huyachagui wewe, Chrome iliacha kuonyesha ujumbe wa mtengenezaji tangu 2016 na wenzake ni hivyohivyo, halitokei kama mtu hajagusa ukurasa, na kwenye simu mara nyingi halitokei kabisa. Kwa kurudi nyuma ndani ya mfumo wako weka kisanduku chako mwenyewe, na vitufe vyake viwe vitendo: "Endelea kujaza", "Weka kwenye zisizokamilika", "Futa rasimu". Usiweke Ndiyo na Hapana, mtu mwenye haraka anasoma kitufe tu, hasomi swali. Ila ukweli ukishakuwa na rasimu, hicho kisanduku hutakihitaji sana.

Kuna hali moja hukuitaja ila itakuja, karani na mhasibu wamefungua mzigo mmoja, mmoja karekebisha kilo, mwingine bei, wa mwisho kubonyeza anafuta kazi ya wa kwanza bila yeyote kujua. Kila rekodi iwe na namba ya toleo, anayesevu atume toleo alilolifungua, kama seva ina jipya zaidi ikatae na imwonyeshe zote mbili achague. Ukitaka kufuata desturi rudisha jibu la HTTP 409, yaani la mgongano.

Diski sasa. Ile picha ni flopi ya inchi 3.5, ilikuwa inabeba megabaiti 1.44, picha moja ya simu ya leo haiingii, na Sony walishaacha kuziuza mwaka 2011. Vijana hawajawahi kuishika ila wengi wanajua ukibonyeza hiyo unasevu, wameizoea kama alama tu, kwa hiyo kwenye programu ya kuandika barua mimi ningeiacha ilipo. Kwako wewe haina kazi, "Pokea mzigo" inajitosheleza kwa maneno. Kitu cha maana zaidi ni Ctrl+S. Mhasibu wa Excel vidole vyake vinabonyeza hiyo vyenyewe kila baada ya dakika mbili, na kwenye brauza kinachotokea ni kuombwa asevu ukurasa kama faili, anachanganyikiwa. Ikamate, itunze rasimu hapohapo na maneno yale ya kando yawake kidogo. Kiufundi haikuhitajika, ila mtu amezoea kupata jibu akibonyeza, mpe jibu.

Kuna mambo ambayo hapa kwa maandishi siwezi kukusaidia na wewe peke yako usijaribu. Ile mizigo iliyokwisha ingia mara mbili usiifute mwenyewe kwenye databesi, hata kama unaiona wazi. Chukua nakala ya databesi nzima kwanza, kaa na mhasibu na stakabadhi za karatasi, na marekebisho yafanyike kwa maingizo ya kubatilisha yanayoonekana, sio rekodi kutoweka. Kama kuna mkulima alishalipwa mara mbili hilo ni la mkaguzi wa hesabu na bosi, wewe toa data tu. Na siku databesi ikigoma kuwaka baada ya umeme kukatika, zima, nakili mafaili yalivyo, itisha mtu wa databesi aje akae kwenye hiyo mashine, kila "nijaribu hii niliyoiona mtandaoni" inaweza kuharibu kilichobaki. Seva kama iko ofisini na sio sehemu ya kukodi, fundi umeme aje aangalie UPS, ile betri ya akiba, yenye uwezo wa kutosha kuizima kwa utaratibu.

Na panda basi uende Kibaigwa siku ya gulio, wakati wa mavuno, ukae nyuma ya karani mmoja asubuhi yote bila kumfundisha kitu. Angalia macho yake yanaenda wapi baada ya kubonyeza.

Kwa mpangilio, wiki hii weka namba ya kipekee na kizuizi chake na uzime lile gurudumu la mausi, hivyo havionekani kwa mtu yeyote na hakuna wa kubishana navyo. Zinazofuata ni rasimu, kisha maneno ya kando ya kitufe, jina la kitufe liwe la mwisho, na kabla hujalibadilisha mwite mhasibu akae kwenye kiti, ajaze mzigo, uchomoe waya wa umeme mbele yake, uwashe tena, aone rasimu imerudi na ripoti yake haijabadilika hata shilingi.